LAND ROVER IPI ILIYO BORA?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Mtu aliyekosa kusikia maneno yangu atayapata katika karatasi hii. Na ayasome polepole, na pale atakapokwama amwulize jirani yake.

Leo tutazungumza juu ya ubishi. Si ubishi wa siasa, wala wa mpira. Ni ubishi wa motokaa.

Mjini Arusha wako watu wengi waipendao Land Rover kuliko motokaa nyingine yoyote. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2024, walifanya tamasha lao mjini humo, na magari yalikuja kwa mamia. Mengine yalikuwa mapya yanang'aa, mengine milango yake imefungwa kwa waya. Ukitaka kuwagombanisha watu hawa, usiwaulize kama Land Rover ni bora kuliko Toyota. Hapo watakuwa kitu kimoja, na wewe utakuwa adui yao. Waulize Land Rover ipi ni bora kupita Land Rover nyingine. Kisha kaa kando, maana chai itapoa mikononi mwao.

Nami niliushuhudia ubishi huo katika uwanja wa gereji moja. Magari matatu yalikuwa yanauzwa. La kwanza lilikuwa Land Rover 109 ya mwaka 1976, ya petroli, wazi nyuma. La pili lilikuwa refu, jeupe, limefunikwa bati, na mbele yake limebandikwa neno DEFENDER. La tatu lilikuwa Discovery ya kijani, yenye viti vizuri vya kitambaa. Waliobishana ni fundi mzee, dereva mmoja wa makamo, na kijana anayeendesha watalii.

Palikuwa na mtu wa nne. Alikuwa mama mmoja wa makamo, kimya, amekaa juu ya tairi kuukuu. Yeye ni mweka hazina wa chama cha wafugaji wa kijiji chake. Wenzake walikuwa wamechanga kwa miaka mitatu, shilingi kwa shilingi, ili wapate gari moja la kubeba maziwa. Tena si maziwa tu. Wakati wa mvua za masika zilizopita, mwanamke mjamzito wa kijiji kile alibebwa juu ya machela usiku kucha, kwa sababu hakuna motokaa iliyoweza kupita matopeni. Mama alipona. Mtoto hakupona. Basi mweka hazina huyu alitumwa kuchagua gari, na sahihi ya kutolea fedha benki ilikuwa yake.

Kabla sijawaeleza maneno ya wabishi, yafaa mjue gari lenyewe lilikotoka.

Mwaka 1947 huko Uingereza alikuwako mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, jina lake Maurice Wilks. Alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi, iliyobaki baada ya vita. Gari lile lilimfaa, lakini lilikuwa limechoka, naye akajiuliza atanunua nini likifa. Yasemwa kwamba alimchorea ndugu yake, Spencer Wilks, picha ya gari jipya juu ya mchanga wa pwani. Spencer ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni. Tarehe 30 Aprili 1948 gari lilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma lilikuwa inchi 80 tu, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 50 hivi.

Wakati huo chuma cha bati kilikuwa haba Uingereza kwa sababu ya vita. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, yaani madini mepesi kama ya sufuria zenu. Aluminiamu hailiwi na kutu. Lakini chasisi, yaani yale mataruma marefu ya chini yanayobeba bodi na injini, ni ya chuma, nayo huliwa. Shikeni jambo hilo, maana tutalirudia. Motokaa ya namna hii inaweza kuwa na uso wa kijana na mifupa ya mzee.

Kampuni ilidhani itaunda gari hilo kwa miaka michache tu, mpaka mambo yatengemae. La kwanza liliuzwa mwaka 1948, na la mwisho la ukoo ule likatoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Katikati hapo yaliundwa zaidi ya milioni 2.

Haya, turudi kwenye gereji.

Fundi mzee alisema, "Bora ni 109. Mengine yote ni mapambo." Alizigonga springi zake kwa kidole. Springi za 109 ni vyuma bapa vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Kimoja kikivunjika, utakifunga kwa kamba ya ngozi na kufika nyumbani. Betri ikifa, utaingiza hendeli mbele ya gari, uzungushe, na injini itaamka. Hakuna waya ambao mtu wa kijijini hawezi kuufuata kwa macho. Na kweli, mimi namwunga mkono mzee katika hayo. Dawa ya 109 haihitaji kutafutwa mbali.

Hata hivyo mzee hakutaja shafti za nyuma, zile zinazozungusha magurudumu. Shafti za magari yale ya zamani zajulikana kwa kukatika ukipakia kupita kiasi kisha ukaachia klachi kwa hasira. Madereva wengi wa zamani walibeba shafti ya akiba chini ya kiti, kama vile msafiri abebavyo maji.

Dereva wa makamo akasema, "Mzee wangu, zama zako zilikwisha mwaka 1983." Maana mwaka huo ndipo ilipotoka Land Rover iitwayo One Ten, yaani inchi 110 kutoka ekseli hadi ekseli. Hiyo ilitupa zile springi za vyuma bapa, ikaweka springi za kuzungushwa, kama waya uliozungushwa kwenye kijiti. Springi hizo huliacha gurudumu lishuke sana na kupanda sana. Gurudumu likifuata shimo, hushika ardhi. Gurudumu lililo hewani halisaidii kitu.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye moyo wa jambo.

Motokaa ikikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Kwa hiyo katikati ya ekseli kuna meno ya chuma yanayoyaruhusu magurudumu mawili kwenda kwa mwendo tofauti. Mafundi huyaita difu. Barabarani difu ni rafiki. Matopeni ni msaliti, kwa sababu hupeleka mzunguko kwa gurudumu lile linaloteleza kwa urahisi. Utaliona linazunguka na kurusha tope, na la pili limetulia tuli kama mgeni.

Katika 109 magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo husukuma, mpaka dereva awaamshe ya mbele. Kuna kitufe cha njano: ukikibonyeza chini, magurudumu yote manne husukuma. Na kuna wenzo mwekundu: ukiuvuta nyuma, unapata gia nzito. Gari huenda polepole mno, lakini nguvu zake huongezeka, na la mbele na la nyuma husukuma pamoja. Katika One Ten magurudumu manne husukuma sikuzote, na kwa sababu hiyo imewekewa difu ya tatu, katikati, baina ya mbele na nyuma. Ukifika matopeni lazima uifunge hiyo kwa wenzo wake. Usipoifunga, gurudumu moja tu likiteleza laweza kukulaza njiani, ingawa unalo gari la magurudumu manne.

Ngoja niwaambie aibu yangu. Nilipokuwa kijana niliendesha 109 ya mwajiri wangu. Siku moja niliingia katika udongo mweusi wa mbuga, baada ya mvua. Nikakanyaga mafuta. Gari likazama hadi ekseli. Nililala humo usiku kucha, nikisikia fisi, na asubuhi wachungaji walinitoa kwa ng'ombe wanane. Mmoja wao akachungulia ndani, akauliza, "Na huu mwekundu ni wa nini?" Sikuwa nimeuvuta. Kwenye dashibodi palikuwa na kibao kidogo kinachoeleza kitufe cha njano na wenzo mwekundu, kwa maneno machache tu. Kibao hicho nilikuwa nakipangusa kwa kitambaa kila asubuhi. Sikuwa nimekisoma hata mara moja.

Sasa kijana wa watalii. Yeye alizicheka zote tatu. Alisema bora ni Defender mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2019, ambayo huundwa mjini Nitra, nchi ya Slovakia. Hiyo haina chasisi ya peke yake. Bodi na mifupa ni kitu kimoja cha aluminiamu. Unachagua kwa kitufe kama uko matopeni, mchangani au majabalini, na kompyuta hugawa nguvu. Tena ikiinuliwa juu ya springi zake za hewa yaweza kuvuka maji ya kina cha sentimita 90, ambapo Defender ya zamani ilipewa sentimita 50. Maneno yake ni ya kweli, wala si vema kumdharau kijana kwa kuwa ni kijana. Lakini fundi mzee alimwuliza swali moja, "Kompyuta ikinuna huko Loliondo, utaipigia hodi na nani?" Watu wakacheka. Gari lile kwa hakika halinunuliki kwa fedha za maziwa, basi tuliache lipite.

Discovery nayo ilikuwa na wakili wake, tajiri mwenye gereji. Ilianza kuundwa mwaka 1989. Ni inchi 100 kati ya ekseli, ina springi za kuzungushwa, na hukaa vizuri barabarani. Tatizo lake ni kwamba sehemu nyingi za bodi yake, na sakafu ya nyuma, ni za chuma, na kutu huzipenda.

Ubishi ukapanda. Dereva wa makamo, akiitetea Defender ya zamani, akasema hata mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, Philip, alipokufa mwaka 2021 jeneza lake lilibebwa na Defender aliyoipanga mwenyewe. Fundi mzee akajibu, "Maiti haulizi springi."

Ndipo yule mama akasema neno lake la kwanza. "Na mgonjwa je, baba? Mgonjwa atalala wapi?"

Wote wakanyamaza. Walikuwa wamebishana saa nzima juu ya injini, milima na mito, na hapana aliyemkumbuka mtu wa nyuma. Katika 109 angelala juani na mvuani, juu ya springi ngumu. Katika Discovery angekaa vizuri, lakini madebe ya maziwa na machela havingeenea pamoja. Lile jeupe refu lilikuwa na mabenchi mawili ya pembeni na sakafu tupu katikati. Machela yangeingia.

Kisha mama akauliza mafuta. Hebu toeni kalamu, nanyi mpige hesabu hii. Kutoka kijijini kwake hadi kiwanda cha maziwa ni kilomita 45. Kwenda na kurudi ni kilomita 90. Tukisema 109 ya petroli huenda kilomita 6 kwa lita 1, itakunywa lita 15. Gari jeupe lilikuwa na injini ya dizeli iitwayo 300Tdi. Tukisema hiyo huenda kilomita 9 kwa lita 1, itakunywa lita 10. Tofauti ni lita 5 kila siku. Ng'ombe hawajui Jumapili, kwa hiyo kwa siku 30 tofauti ni lita 150. Fundi mzee alijaribu kusema jambo, akaacha.

Injini hiyo ya 300Tdi mimi pia naipenda, nawaambia wazi. Ilianza kutumika mwaka 1994, ni ya lita 2 na nusu, ina nguvu za farasi 111, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa meno na mkanda, si kwa kompyuta. Jambo moja tu: ule mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe kwa wakati wake, na penye vumbi uwahi zaidi. Ukikatika, injini hufa njiani, na gharama yake ni kubwa.

Basi mama alitaka lile jeupe. Mwuzaji akasema, "Mama, hii ni Defender ya mwaka 1996," akataja bei ya gari la mwaka 1996. Mama akaomba kadi ya gari.

Nilimtazama akisoma. Alisoma kama tunavyosoma sisi tuliojifunza ukubwani, kidole kikitembea chini ya mstari, midomo ikicheza. Akafika mahali pa mwaka, akasimama. Kadi ilisema 1986.

"Karani alikosea tarakimu moja tu," alisema mwuzaji. "Si unaona jina hapo mbele? Defender."

Hapo ndipo ubishi wa wapenzi wa Land Rover ulipogeuka kuwa mali. Maana wale wanaume watatu, waliokuwa hawakubaliani kwa lolote, walijibu kwa sauti moja: jina la Defender halikuwako mwaka 1986. Lilianza mwaka 1990. Kabla ya hapo gari hilo liliitwa One Ten. Lakini bodi ya Land Rover imefungwa kwa bolti na ribiti. Mtu aweza kubadilisha boneti, mlango, na jina, kwa spana na jioni moja.

Mama hakutosheka na maneno yao pia. Akainama upande wa kulia, mbele karibu na gurudumu, ambapo namba imepigwa kwenye chuma cha chasisi. Akapangusa tope kwa pindo la kanga. Namba ya One Ten au Defender ya zamani huanza kwa herufi SALLD. Ya Discovery huanza kwa SALLJ. Akalinganisha herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kadi na chuma. Zililingana zote. Basi karani hakukosea; chasisi ilikuwa ya mwaka 1986. Kisha akaomba aonyeshwe namba ya injini. Hiyo haikulingana. Injini ya kwanza ilikuwa imetolewa na ile ya 300Tdi kuwekwa, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Kadi ilionyesha ukubwa uleule, sentimita za ujazo 2,495, kwa kuwa dizeli ya One Ten ya 1986 nayo ilikuwa ya ukubwa huo. Ukubwa ule ungempoteza mtu mvivu. Siku ya ajali, bima na polisi wangeiangalia namba, si ukubwa.

Fundi mzee akachukua nyundo bila kuombwa. Akapita chini ya gari akigonga chasisi. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hujibu kama kibuyu. Mbele kililia. Katikati kililia. Taruma la nyuma, lile linalokingama chini ya mlango, lilijibu kama kibuyu, na lami iliyopakwa juu yake ikadondoka pamoja na vipande vya kutu.

Mama alisimama, akajikung'uta magoti, akasema atanunua, kwa masharti matatu. Bei iwe ya gari la mwaka 1986. Injini iandikishwe kwanza kwenye kadi, ndipo atie sahihi. Na taruma la nyuma lichomelewe jipya, naye mwenyewe awepo akiangalia. Mwuzaji alipiga kelele, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Siku ya tisa alikubali.

Gari hilo sasa lafanya kazi. Kwenye dashibodi wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mama, kwa herufi kubwa: TOPENI FUNGA DIFU YA KATI. BARABARANI FUNGUA. Maana ukiacha difu imefungwa kwenye barabara kavu, utaviumiza vyuma vyenyewe. Katika masika yaliyofuata limewafikisha hospitali wanawake wawili, mmoja usiku. Fundi mzee bado husema 109 ingefaa zaidi, na kila gari lile jeupe likija kubadilishwa oili hujifanya haoni, ingawa mkanda wa taimingi aliubadilisha yeye mwenyewe.

Kabla hatujaonana tena, kila mwanafunzi mwenye baiskeli, pikipiki au motokaa, au jirani mwenye navyo, aitafute namba iliyopigwa kwenye chuma chake. Aiandike katika daftari, aje nayo darasani pamoja na karatasi ya chombo hicho. Mwalimu atawaongoza kuzilinganisha. Juma lijalo tutasoma hati ya bima, ile yenye maandishi madogo.

Kwa herini.